Ukingo wa Mto na Haki ya Jirani: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumeagizwa na Halmashauri ya chama tuseme maneno machache juu ya jambo lililozungumzwa sana barazani na majumbani mwetu tangu mafuriko ya mwaka 2024, nalo ni ardhi ya kando ya mito na haki za watu wakaao juu yake. Wako wanachama waliotuambia kwamba haya ni mambo mawili, na kwamba chama cha ustawi yafaa kichague moja: ama kiutetee mto, ama kiwatetee watu. Nia ya hotuba hii ni kuonyesha kuwa jambo ni moja. Mto hauwezi kulindwa kwa siku nyingi mahali ambapo jirani wa mto hana ruhusa ya kuuliza swali. Naye jirani wa mto hawezi kulala salama mahali ambapo ukingo umekwisha kuliwa.

Na tuanze na mto wenyewe. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na usemi huo si fumbo tu, bali ni habari ya kweli. Mto una kitanda cha kiangazi na kitanda cha masika. Wakati wa kiangazi tunaona maji membamba yakipita katikati, tukadhani kwamba nafasi iliyobaki pande zote mbili haina mwenyewe. Masika yajapo, mwenyewe hurudi. Nafasi ile ndipo maji yanapotandaa na kupunguza mwendo. Mizizi ya miti na majani hushika udongo, na uchafu utokao mashambani na majiani huzuiwa usiingie mtoni wote. Mahali palipojengwa ukuta, maji hubanwa, nayo yakibanwa hupanda juu na kwenda kwa nguvu zaidi, yakampiga aliye ng'ambo na aliye chini. Hivyo mtu ajengaye ukingoni hajihatarishi yeye peke yake, bali humpelekea jirani yake mafuriko.

Wala jirani huyo si lazima awe karibu. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong hukutana ikaingia Athi, na Athi huteremka ikaitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka ikamwagika katika Bahari ya Hindi upande wa kaskazini wa Malindi. Udongo uliolegezwa bara huonekana pwani, na maji ya bahari hugeuka rangi. Mvuvi wa Malindi hana kiti katika baraza la mtu wa Nairobi, lakini ana haki katika mto ule ule.

Katika masika ya mwaka 2024, miezi ya Machi, Aprili na Mei, nchi yetu ilipatwa na mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 na kuwafukuza maelfu kwa maelfu makwao. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yaliwashukia watu wa Mai Mahiu wakiwa usingizini, wakafa zaidi ya 40. Hatuhitaji basi kumwambia mwanachama yeyote kwamba ukingo wa mto ni jambo la uhai na mauti. Lililobaki ni kuuliza: utalindwa kwa njia gani, na nani?

Wazee wetu wamesimuliwa na wazazi wao habari za matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa nchi za juu unachukuliwa na mvua na kuingia mitoni. Jambo hilo lilikuwa kweli. Katika Murang'a, iliyoitwa Fort Hall zamani zile, watu waliamriwa kwenda kila juma kuchimba matuta chini ya usimamizi wa machifu, bila malipo. Na wengi wa wachimbaji walikuwa akina mama, ambao walikuwa na mashamba yao ya kulima na watoto wa kulea. Mabaraza ya wenyeji yalikuwapo, kwa kuwa yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1924, lakini aliyeyaongoza alikuwa Mkuu wa Wilaya, mtumishi wa serikali ile ile iliyotoa amri. Mwaka 1947 watu wakakata shauri kwamba wanawake wasichimbe tena, na mwaka 1948 akina mama wenyewe wakatoka kwa wingi kuikataa kazi hiyo. Matuta yenyewe hayakuwa mabaya. Yalichukiwa kwa sababu yalikuja na kiboko na faini, na kwa sababu aliyeyachimba hakuulizwa neno. Kitu kizuri kikiletwa kwa njia ya dharau, watu hukitupa pamoja na dharau hiyo.

Sasa itazameni milima ile ile siku zetu hizi. Sehemu kubwa ya maji yanywewayo Nairobi hutoka katika bonde la Tana ya Juu. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji kwa ajili ya bonde hilo, nao hufanya kazi pamoja na wakulima katika nchi za Maragua, za Thika na Chania, na za Sagana na Gura. Mkulima huelezwa faida, husaidiwa kutengeneza matuta na kuyapanda majani ya kulisha ng'ombe, kuchimba bwawa dogo la kuhifadhi maji ya mvua, na kuacha ukingo wa mto upumzike. Yeye hupata lishe na maji ya kunyweshea mboga. Mtu wa mjini hupata maji yasiyo na matope mengi. Mteremko ni ule ule, mvua ni ile ile, hata kazi ya matuta ni ile ile. Lililogeuka ni kwamba mkulima ameulizwa, na amepewa sababu ya kusema ndiyo. Wanachama wanaosema kuwa kuwashauri watu ni kupoteza wakati, na wapime mambo haya mawili, ya mwaka 1947 na ya mwaka 2015, kisha watuambie ni njia ipi iliyoacha matuta ardhini.

Kadhalika tusisahau kwamba uhuru wa kukusanyika na kusema ndio uliookoa ardhi ya umma ambayo tunaijivunia leo. Sheria ya utulivu wa umma iliyotungwa mwaka 1950 iliwataka watu wapate leseni kabla ya kufanya mkutano wa hadhara, na desturi hiyo ikaendelea hata baada ya Uhuru. Mpaka mwaka 1997 sheria ilipogeuzwa, ikawa yatosha kuwapa polisi taarifa siku tatu kabla, afisa mmoja aliweza kuwafunga watu midomo kwa kukataa kutia sahihi. Katika zama hizo Profesa Wangari Maathai alisimama mwaka 1989 kupinga jumba kubwa lisijengwe katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, na mpango ule ukaachwa. Mwaka 1999 yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu wachache. Msitu ungalipo, na ndani yake mito ingali inapita. Dunia ikamtunukia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Wako walioshangaa, wakiuliza miti inahusiana nini na amani. Sisi hatukushangaa. Mahali ambapo raia hawezi kuuliza ni nani aliyepewa ardhi ya umma, ardhi hiyo huyeyuka kama chumvi katika maji.

Tuje katika sheria ya leo, maana ndiyo silaha ya chama kisicho na silaha nyingine. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 yasema katika Kifungu cha 62 kwamba mito ni ardhi ya umma, iliyoshikwa kwa amana ya wananchi. Kifungu cha 42 champa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 chataja makao yanayofaa na maji safi ya kutosha. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Cha 37, haki ya kukusanyika kwa amani, bila silaha, na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Cha 47, haki ya kutendewa kwa uadilifu na maofisa na kupewa sababu kwa maandishi. Na Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuyatetea mazingira hata kama yeye mwenyewe hakupata hasara. Zingatieni jinsi haki hizi zilivyokaa pamoja katika kitabu kimoja. Walioiandika Katiba hawakuuweka mto katika chumba kimoja na raia katika chumba kingine.

Nayo serikali ya kaunti imepewa kazi zake. Katika Jedwali la Nne la Katiba imeagizwa kutekeleza sera za kuhifadhi udongo na maji, kuongoza maji ya mvua mijini, kupanga matumizi ya ardhi, na kuhakikisha kwamba wakazi wa kila mahali wanashiriki katika utawala. Bunge la kaunti latakiwa kufanya kazi yake waziwazi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa kila mtu haki ya kulipelekea ombi la maandishi. Tena kaunti ndiyo itoayo ruhusa ya kujenga. Maana yake ni kwamba nyumba nyingi zilizo mahali pasipofaa hazikuanzia katika ujeuri wa mwenye nyumba tu, bali zilianzia mezani, katika ofisi, palipopigwa muhuri. Mwezi wa Agosti 2018 majumba makubwa ya biashara yalibomolewa Nairobi kwa kuwa yalisimama juu ya mito, na baadhi ya wenyewe walisema kwamba walikuwa na vibali. Ikiwa kibali kilitolewa kwa haki, kwa nini kuvunja? Na ikiwa hakikutolewa kwa haki, yuko wapi aliyekitoa? Swali hilo lafaa liulizwe kabla ya tingatinga kuwashwa.

Kuna jambo jingine linalowatatiza wanachama wengi, nalo ni kipimo. Watu husema mita 30 kana kwamba ni neno la msahafu. Kwa kweli sheria zetu hazikusema kwa kinywa kimoja. Kanuni za kilimo zilihesabu kuanzia mita 2, ama kiasi cha upana wa mto, mpaka mita 30. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaja mita 6 kwa uchache na 30 kwa wingi, zikipimwa kuanzia mahali pa juu kabisa palipopata kufikiwa na mafuriko. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zilitaja mita 6, ama upana wa mto mpaka mita 30. Basi mtu maskini asomaye sheria moja aweza kushtakiwa kwa nyingine, na mtu mwenye nguvu aweza kujichagulia ile impendezayo. Kipimo kisichojulikana ni mlango wa rushwa. Ndiyo maana tunasema kwamba kazi ya kwanza ya kulinda mto ni kuweka alama za mpaka ardhini, mbele ya wenyeji, mchana kweupe, kwa kipimo kimoja kwa nyumba ya mabati na kwa ghorofa.

Tumefika sasa mahali pagumu. Wafanywe nini waliokwisha kukaa ukingoni, ambao wengi wao ni watu wasio na pa kwenda? Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yasema kwamba wakazi wa ardhi ya umma wapewe notisi ya miezi 3 kabla ya kuondolewa, kwa maandishi, katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika gazeti lisomwalo nchi nzima, na kwa redio katika lugha wanayoifahamu. Yasema pia kwamba maofisa wajitambulishe na kuonyesha amri; utu wa watu uheshimiwe; watoto, akina mama, wazee na walemavu wapewe ulinzi wa pekee; na mwenye nyumba apewe nafasi ya kwanza kubomoa mwenyewe na kuokoa mbao na mabati yake. Naye aliyepewa notisi aweza kwenda mahakamani.

Katika habari hii chama kimoja cha ustawi kama hiki chetu kimewatangulia wengine, nacho ni Mitu-Bell Welfare Society, kilichowasemea wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Mwaka 2011 watu wale walipewa siku 7 tu wahame. Wakaenda Mahakama Kuu, nayo ikatoa amri ya kuzuia. Lakini mwezi wa Novemba mwaka huo nyumba zao zikabomolewa. Shauri likapanda mpaka Mahakama ya Rufaa, wakashindwa mwaka 2016. Likapanda tena mpaka Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 11 Januari 2021 ilisema kwamba watu waliokaa muda mrefu juu ya ardhi ya umma, wakajenga makao na kulea jamaa zao, wana haki ya makao ambayo mahakama yaweza kuilinda wanapotaka kufukuzwa. Hukumu ile haikuwapa hati ya ardhi. Iliwapa jambo lililo kubwa kuliko wengi wanavyodhani: kwamba wao ni watu wa kusikilizwa. Lakini hesabuni miaka. Makao yalivunjwa mwaka 2011, na neno la mahakama ile ya juu likaja mwaka 2021. Mtoto aliyekuwa akinyonya siku ya kubomolewa alikuwa amekwisha kuingia madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Tena mwezi wa Mei 2024, maji yalipokuwa bado yamejaa, watu waliokaa kando ya mito ya Mathare na Mukuru waliamriwa kuhama, na tingatinga zikafuata upesi. Serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila jamaa iliyohamishwa. Mzee mmoja wa chama hiki ametuuliza swali la haki, naye anastahili jibu: je, maji hungoja miezi 3? La, hayangoji. Maji yanapokuja, kazi ya Serikali ni kuwatoa watu hatarini saa ile ile, hata usiku, na anayekataa na ashawishiwe kwa ajili ya watoto wake. Lakini kumtoa mtu katika maji ni kazi moja, na kuvunja nyumba yake akiwa hana pa kulala ni kazi nyingine. Ya kwanza haihitaji notisi, yahitaji mahali pakavu, blanketi na chakula. Ya pili yaweza kungoja mpaka mvua ikatike, watu wahesabiwe, na mahali pa kuwapeleka pajulikane. Tena mtu aliyefukuzwa bila mahali pa kwenda hatoweki. Huhamia ukingo mwingine wa mto ule ule, na masika yajayo twaanza upya. Kwa hiyo hata asiyejali haki, bali ajali mto peke yake, angefaa kuiheshimu sheria hii.

Kwa sababu hizo Halmashauri inaweka mbele ya Mkutano huu mambo manne ya kuliomba bunge la kaunti yetu kwa ombi la maandishi. Kwanza, mipaka ya mito ipimwe na kutiwa alama mbele ya wenyeji, na ramani yake ibandikwe mahali pa wazi katika kila wadi. Pili, orodha ya vibali vyote vya kujenga vilivyotolewa kando ya mito iwekwe wazi, pamoja na vyeo vya waliovitoa. Tatu, asiondolewe mtu ila kwa kufuata sheria yote, na kaunti iandae mapema mahali pa kukimbilia wakati wa mafuriko. Nne, vijana na akina mama wakaao kando ya mto wapewe kwanza kazi ya malipo ya kupanda mianzi na miti ya asili na kuitunza, ili mto uwe na walinzi wanaoupenda.

Lakini hatuwezi kunyosha kidole kimoja bila kutazama vile vitatu vinavyotuelekea. Miongoni mwetu wamo wenye mashamba yanayoshuka mpaka majini, yaliyopandwa nduma na mikaratusi. Wamo wenye ploti za kupangisha zilizo karibu na mto. Hatuwezi kwenda mbele ya kaunti tukidai kipimo kimoja kwa wote, ilhali sisi tuna kipimo chetu. Kwa hiyo Halmashauri yaomba jambo la tano, ambalo ni gumu kuliko yale manne, kwa kuwa halimhusu mtu mwingine: kila mwanachama mwenye ardhi inayopakana na mto aache ukingo wake kuanzia msimu huu, bila kungoja amri, na mwenye wapangaji ukingoni akae nao, awaeleze hatari, na awape muda na msaada wa kuhama. Twajua kwamba kwa baadhi yenu hii ni hasara ya fedha. Hatutaificha. Kipande cha mita 6 katika shamba dogo ni chakula cha watu.

Tukifanya hivyo, ombi letu litakuwa na uzito ambao wino peke yake hauwezi kuutia. Mwakilishi wa wadi akituuliza sisi tumefanya nini, tutampeleka mtoni tukamwonyeshe.

Mambo haya twayaweka mikononi mwenu, wazee na wanachama, myajadili bila kuoneana haya, na mkate shauri kwa kura. Anayepinga na asimame aseme. Ni haki yake, nayo ndiyo tuliyokuwa tukiitetea tangu mwanzo wa hotuba hii.